Machela Iliyosimamishwa Mtoni

Mgeni rasmi, Ndugu Mkuu wa Wilaya ya Kibondo,
Ndugu Katibu wa Chama,
Ndugu Diwani,
Wazee wetu, akina mama na ndugu wananchi,

KUKUKARIBISHA

Sisi wabebaji wa machela wa Kijiji cha Ujamaa Mukirenge tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Tumeona umeliacha gari kule kwenye daraja lililokatika ukaja kwa miguu mpaka hapa, na matope yamekufika magotini. Pole sana, na ahsante.

Umekuja kutufungulia chumba cha kujifungulia akina mama. Ngoma umeisikia, na watoto wa shule wamekuimbia. Sasa tunaomba utuvumilie, maana yaliyobaki hayana ngoma. Risala ya kwanza tuliyoiandika ilikuwa tamu, ikisifu mahindi, choo na mshikamano wetu. Tulipoisoma wenyewe tulishindwa kutazamana usoni, tukaichana. Anayekusomea hii ni Esteri, mke wa Pasikali, na huyo Pasikali utamjua muda si mrefu.

HISTORIA YA KIKUNDI

Huku kwetu mgonjwa si wa ndugu zake peke yao. Machela, au ingobyi kama tuiitavyo kwa Kiha, ni ya kitongoji kizima. Ikipita njiani, kila anayekutana nayo hutua mzigo wake na kutoa bega, hata kama jana aligombana na huyo anayebebwa. Hospitali ya wilaya ni mbali. Ile ya misheni iko ng'ambo ya mto, upande wa Burundi, na tangu enzi za babu zetu tumekuwa tukiwavusha mama zetu huko. Walinzi wa mpaka wakiiona machela walikuwa wanasogea pembeni na kuvua kofia.

Kisha mwaka jana Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka uliofungwa ni wa Namanga na Taveta, huko ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Hatuji kuwahukumu wakubwa kwa yale waliyogombania. Tunasema tu yaliyotufika. Sabuni iliisha kwanza, ikafuata mafuta ya kupikia, kisha mablanketi na vipuri vya baiskeli. Gari la wagonjwa la wilaya likapandishwa juu ya mawe likisubiri magurudumu yaliyozoea kuja kutoka Nairobi. Kahawa yetu ikakaa ghalani, tukiambiwa mabehewa hayatoshi na magunia hakuna. Ng'ambo ya mto kulikuwa na wanunuzi wa kahawa, tena wakilipa kwa sabuni.

MAFANIKIO

Chumba cha kujifungulia tumekijenga kwa nguvu zetu, na umeona kimenyooka. Fanikio jingine tulilipata msimu wa kahawa wa mwaka jana, na ndilo lililotuchafua.

Tulimlaza Pasikali kwenye machela juu ya magunia ya kahawa, tukamfunika gubigubi. Tulimwambia augue, naye akaugua kwa ufundi, hata mkewe huyu anayesoma akaanza kulia kwa kweli. Tukashuka mtoni.

Kivukoni tulimkuta Tharsisi, kijana wa mgambo, mzaliwa wa hapa hapa Mukirenge, aliyeoa kwa mzee Sylvesta. Yaliyopita moyoni mwake siku ile tunayajua, maana alimsimulia mkewe Maximilla naye akatuletea bila kupunguza neno.

"Mwakeye," alitusalimu. "Ni nani huyo?"

"Ni Pasikali. Tumbo limemshika," tukamjibu.

Tharsisi hakuuliza la pili. Alimwona baba mkwe wake Sylvesta kwenye mti wa mbele wa machela, jasho linamtoka, akaona haya kusimama mikono mitupu mbele ya mkwe anayetaabika. Akaegemeza bunduki kwenye jiwe, akakunja suruali na kuingia majini.

"Lete, baba. Wewe pumzika."

Alipouweka mti begani miguu ilizama matopeni. Alijiuliza, huyu Pasikali mwembamba kanenepa lini?

"Mbona mzito hivi?"

"Ugonjwa una uzito wake, mwanangu," Sylvesta akamjibu.

Tharsisi akaamini, maana mkwe hasemi uongo. Aliivusha kahawa yetu ya magendo kwa bega lake mwenyewe, akimwombea mgonjwa njia nzima. Sisi nyuma tulikuwa tunajiuma midomo tusicheke.

Tulirudi na sabuni, tukagawana. Iliyobaki aliiuza Ndugu Gharibu, mwenye duka, chini ya meza. Mukirenge tukanukia vizuri, Mgeni rasmi. Tuliitwa kijiji cha usafi.

MATATIZO

Njia ya mwongo ni fupi. Juma lililofuata Pasikali alicheza harusini kule Nyabibuye kwa shati jipya, akiruka kuliko bwana harusi, na kiongozi wa mgambo alikuwepo. Adhabu hakuipata Pasikali. Aliipata Tharsisi, kwa kupitisha machela bila kukagua. Alivuliwa shati la mgambo siku ya gulio, akatembezwa kwa magoti mbele ya watu.

Sisi tulikuwepo. Alitutafuta kwa macho mmoja mmoja, maana alidhani angalau mkwe wake atasema neno. Sylvesta aliangalia vidole vyake vya miguu. Wengine wetu tulicheka, tena kwa sauti, ili tuonekane hatuhusiki. Tunaona aibu kuliandika hili, na Esteri anaona aibu kulisoma.

Alirudishiwa shati na amri mpya: kila machela itakayofika kivukoni iteremshwe na kufunuliwa, na kama ni mwanamke, asikaguliwe ila na mwanamke mwenzake.

Zikaja mvua za Novemba. Shamsia, mke wa Gharibu, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga akatuambia tukimbie. Tukakimbia kweli, mvua inatupiga, mpaka kivukoni.

"Teremsheni," alisema Tharsisi.

"Tharsisi, mwanangu, ni Shamsia," Gharibu akamwambia. "Ana uchungu."

"Hata Pasikali mlisema ana tumbo."

"Wallahi safari hii ni kweli!"

"Safari ile hata mkwe wangu aliniambia ni kweli," Tharsisi akajibu. Maximilla anasema hapo alitamani kuamini, akaogopa. Alisikia Shamsia akilia chini ya blanketi, lakini Pasikali naye alilia vizuri. Aliyakumbuka magoti yake gulioni. Akatuma mtu kwenye kituo cha pili akamwite mama wa mgambo aje kukagua.

Tukasubiri mvuani. Hakuna kati yetu aliyethubutu kusema, "Ile kahawa ilikuwa yetu, ile dhambi ni yetu, huyu usimguse." Tungesema hivyo angetupisha palepale. Tuliogopa kifungo, tukanyamaza, na Shamsia akalia mpaka akachoka kulia. Mama wa mgambo alipofika na kuinua blanketi, alipiga ukelele. Tharsisi aliitupa bunduki matopeni, akaingiza bega na kukimbia kuliko sisi sote, akisema, "Nisamehe, dada. Nisamehe."

Misheni walimwokoa Shamsia. Mtoto alikuwa wa kiume, na tulimzika huku huku nyumbani.

Polisi walipokuja kuuliza, Mgeni rasmi, tuliongeza uovu juu ya uovu. Tulisema hatujui magendo. Tulisema Tharsisi aliizuia machela kwa kinyongo cha kuaibishwa gulioni. Tuliweka dole gumba. Yuko rumande Kibondo mpaka leo, anangoja kesi ya kusababisha kifo.

Yeye hakututaja, na hali anatujua kwa majina na kwa koo zetu. Maximilla alipomtembelea, hakuuliza habari za shamba wala za kesi. Aliuliza, "Siku hizi machela zinapita?" Maximilla alikuja kutuuliza amjibu nini. Hazipiti. Watu wakiiona sasa hujifanya hawajaiona, na mwezi uliopita jirani yetu Kudra alimbeba mama yake mgongoni peke yake kwa kukosa bega la pili.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi: magurudumu ya gari la wagonjwa, sabuni, daraja. Utayakuta kwa Katibu. Hapa tunaomba moja. Mficha uchi hazai, nasi tumeuficha wetu miezi mitatu.

Tunaomba Tharsisi atolewe. Maelezo tuliyoyatoa polisi yalikuwa ya uongo, nasi tuko tayari kuyafuta mbele ya hakimu. Kwa Shamsia tulikwenda jana, tukapiga magoti. Gharibu alitupa mgongo. Shamsia akasema, "Tharsisi msimwonee. Sabuni ile hata mimi niliogea."

Mgeni rasmi, tunakuomba ugeuke utazame nyuma ya kiti chako. Wanaume waliosimama pale, Sylvesta mbele na Pasikali akimfuatia, ndio walioibeba kahawa. Tangu asubuhi wamekataa kukaa. Kila mmoja amefunga kifurushi chake na kumuaga mkewe. Gari lako lina nafasi nyuma, na ikiwa haitoshi watatembea mpaka Kibondo. Wakifika, mlango wa rumande ukifunguliwa ili waingie, tunakuomba Tharsisi apite kwanza, nao wampishe njia.

Mungu akufikishe salama. Ampe Shamsia mtoto mwingine, na ampe Gharibu subira. Sisi wenyewe hatuombi baraka leo.

Ni sisi,
Wabebaji wa Machela,
Kijiji cha Ujamaa Mukirenge,
Februari, 1978.