Miezi Kumi na Moja ya Papa Ignace Balagizi

Papa Ignace Balagizi Murhula alizaliwa Burhale, katika teritware ya Walungu, tarehe 3 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Murhula, fundi wa matofali, na Maman M'Nshombo. Burhale hakuna reli, na Bukavu yenyewe haijawahi kusikia honi ya treni. Treni ya kwanza aliiona kwenye kalenda iliyotundikwa katika ofisi ya mapadri, na inasemekana mwaka ulipokwisha alikwenda kuomba apewe ule ukurasa wa mwezi wa Juni.

Alisoma shule ya msingi Burhale, kisha shule ya ufundi hapa Bukavu. Vita vilimkatiza masomo mara mbili, na mara zote mbili alirudi darasani na daftari lile lile. Alipata diploma ya ufundi wa mashine mwaka wa 1971. Mwaka uliofuata alisafiri kwa meli kwenye ziwa la Tanganyika hadi Kalemie na kuajiriwa kwenye reli. Mwaka wa 1981 alifanywa chef de gare, yaani mkuu wa kituo cha treni, wa Nyunzu, mji mdogo ambako treni iliweza kuchelewa siku mbili na bado watu wakashukuru.

Tarehe 27 Agosti 1977 alifunga ndoa na Maman Pascaline M'Cirhuza katika parokia ya Burhale. Mungu aliwapa watoto wanne. Wa kwanza ni Colombe, aliyezaliwa mwaka wa 1979, na ndiye anayesoma maneno haya.

Hapa ni lazima kwenda polepole. Kuanzia Januari hadi Desemba 1985, kwa muda wa miezi kumi na moja, Papa Ignace aliishi Uingereza. Alichaguliwa pamoja na wafanyakazi wengine watano kwenda kujifunza kazi kwenye reli ya serikali ya huko. Miezi mitatu alikaa darasani katika mji wa Derby. Miezi minane iliyobaki alipelekwa kwenye kituo kidogo cha kaskazini, katikati ya vilima vyenye kondoo na mvua kama ya Walungu, chini ya mzee mmoja mjane aliyeitwa Bwana Capstick.

Bwana Capstick alikuwa mtu wa chumba cha ishara. Humo mlikuwa na safu ya vyuma virefu vya kugeuzia njia na kuinua ishara, viking'aa kama sahani za altare. Hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho la mkono hutia chuma kutu. Kila mmoja alishika chuma kwa kitambaa. Siku ya kwanza Papa alisahau, na mzee yule hakumkemea. Alipangusa tu mahali pale taratibu, akamkabidhi kitambaa chake mwenyewe. Asubuhi walikoka makaa ya mawe katika chumba cha wasafiri, hata siku ambazo hakuna aliyesafiri. Papa aliuliza kwa nini wanaunguza mali ya serikali bure. Alijibiwa kwamba huenda akaja mmoja, na huyo mmoja ana baridi kama watu mia.

Aliporudi Nyunzu aliweka mbabula, jiko la makaa, na birika katika chumba cha kungojea treni, akanunua vikombe sita. Colombe alikuwa na miaka sita. Alimwona baba yake akishuka kwenye behewa, katika joto la Desemba, amevaa koti jeusi la sufu lililonuka moshi. Aliziona picha za huko. Aliishika mkononi mwake ile pasipoti yenye mihuri. Kwa hiyo alijua.

Reli ya Nyunzu ilipokufa polepole, familia ilihamia Bukavu mwaka wa 1992 na kupanga nyumba Bagira. Papa Ignace alifundisha mekanika katika shule ya ufundi hadi alipostaafu mwaka wa 2011. Wanafunzi wake walicheka namna alivyofungua mlango wa karakana kwa kitambaa. Jioni aliwaeleza majirani habari za vituo vya Waingereza: maua yaliyopandwa kando ya njia, saa kubwa ambayo wanakijiji walirekebishia saa zao, msimamizi aliyejua ni nani anamngojea nani. Majirani walisikiliza vizuri. Walimwita Papa Gare, na jina hilo lilikuwa la heshima.

Jumapili tarehe 4 Februari 1996, alisikia kwenye redio kwamba treni za kwanza za makampuni binafsi zimeanza kutembea Uingereza, na kwamba ile reli aliyoijua ilikuwa inagawanywa na kuuzwa. Alizima redio. Alivaa koti lake jeusi, akatoa viti vyote vya nyumba nje, akaketi uani.

Sisi wa Bagira tunajijua. Tukiona viti nje na mwanamume amenyamaza kati yake, hatuulizi, tunajua kuna msiba. Maman Bintu, jirani wa ng'ambo ya njia, alileta makala ya kuwashia moto wa matanga. Wengine walileta maji na sukari. Akina mama wa jumuiya walianza kuimba, na kufika saa kumi uani palikuwa na watu zaidi ya thelathini, wote wakiamini kwamba Papa Gare amefiwa na rafiki Ulaya. Ndipo Tonton Lucien, mdogo wake aliyemwita Yaya, yaani kaka mkubwa, alipoinama na kuuliza kwa sauti ya chini, ili sala ianze.

“Yaya, tuombee nani? Jina lake?”

“Reli ya Waingereza,” Papa alisema. “Wameikata vipande-vipande.”

Nyimbo zilikatika. Kisha Maman Bintu akasema, “Basi munirudishie makala yangu. Gari-moshi haisikiake baridi,” na ua mzima ukaangua kicheko. Tonton Lucien hakucheka. Alimwambia kaka yake kwamba ni aibu kuililia reli ya Wazungu na yetu inaota majani.

“Ile yetu nilishaililia peke yangu,” Papa alijibu. “Ningewaita, mungekuja?”

Colombe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa na miaka kumi na sita, na rafiki yake wa shule, Ornella, alikuwa anacheka hadi machozi. Colombe alitaka kitu kimoja tu, kicheko kile kisimguse yeye. Akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

“Papa hayafika Ulaya hata siku moja. Anasikiaka tu ku redio.”

Papa Ignace, aliyekwisha kuanza kurudisha viti ndani, alikuwa nyuma yake, kiti mkononi. Hakumkanusha. Aliendelea kuingiza viti kimoja kimoja, akashukuru watu kwa kuja.

Tangu siku hiyo waliacha kumwita Papa Gare, wakamwita Papa Redio. Hakusimulia tena. Mwaka wa 2004 waporaji waliingia nyumbani wakachukua koti, picha na pasipoti, na baada ya hapo hapakuwa na karatasi yoyote ya kumtetea. Alibaki na shahidi mmoja. Mwaka wa 2007, kwenye arusi ya Colombe, msemaji wa wakwe alifanya utani juu ya baba mkwe aliyesafiri kwa redio, na shahidi huyo, akiwa na shela kichwani, alicheka pamoja na wengine. Alimwona baba yake akitabasamu ili asimharibie siku.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka wa 2018, na figo zilianza kuchoka mwaka wa 2022. Alilazwa mara tatu. Aliwashukuru wauguzi kwa majina yao, na vyuma vya kitanda alivishika kwa ncha ya shuka. Wiki ya mwisho Colombe alikuja akiwa ameamua kuomba msamaha. Kabla hajafungua kinywa, Papa alimtangulia.

“Mutakapoandika habari yangu, Uingereza musiitie,” alisema. “Watu watacheka, na wewe ndiye utasoma.”

Colombe alikubali kwa kichwa. Maneno aliyokuja nayo alirudi nayo nyumbani. Papa Ignace alifariki Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Programu ya kwanza ya mazishi, yenye habari ya maisha yake, ilichapishwa Kadutu jana asubuhi, na ndani yake mwaka wa 1985 haukuwemo. Kamati ya mazishi iliisoma ikaona ni nzuri. Jana mchana Colombe aliirudisha kwa mchapaji. Ni mara ya kwanza kumkatalia baba yake jambo kwa heshima yake. Papa Ignace alikwenda Uingereza. Alikaa miezi kumi na moja. Binti yake alijua, na alisema uongo mbele yenu, na mlimwamini kwa sababu alikuwa mtoto wake.

Ameacha mjane, Maman Pascaline M'Cirhuza, watoto Colombe, Luc, Aimée na Hugues, wajukuu tisa, mdogo wake Lucien, na wanafunzi wengi wanaofungua milango bila kujua walimcheka nani.

Mtaona wabebaji sita wakishika vyuma vya jeneza kwa vitambaa. Msidhani ni urembo. Ni kazi inayofanywa jinsi alivyofundishwa. Kitambaa cha saba atakishika Colombe, na anayetaka kucheka acheke akimtazama yeye.

Papa Ignace apumzike mahali ambapo mtu, hata akifika peke yake, anakuta alikuwa anangojewa.