Mahindi Niliyoyafukia

Wamama, wababa na vijana wenzangu, Bwana asifiwe. Mnanijua, mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Haya nimeyaandika polepole kwa siku tatu, kwa hivyo mnivumilie nikisoma.

Mwaka ule tulivuna mahindi kabla hayajakauka. Nani hapa hakuvuna hivyo? Wezi walikuwa wanaingia shambani na magunia, na mvua nayo ikanyesha wakati haikutakiwa. Tukayaficha mahindi chumba cha kulala, ndani ya magunia ya nailoni, juu ya udongo, yameegemea ukuta. Mimi na dada yangu mdogo tukalala juu yake. Tulijiona matajiri.

Nilipofungua gunia la kwanza nikaingiza mkono, nikakuta joto. Punje zilikuwa na ukungu wa kijani. Susu, nyanya yetu anayetulea, akasema, "Osha. Ukitwanga muthokoi, ganda linatoka na uchafu wake." Ndivyo tulivyofundishwa sisi sote. Nikaosha, nikatwanga kwenye kinu mpaka ganda likatoka, nikachemsha muthokoi huo na maharagwe kutoka asubuhi hadi saa nane. Mpishi nilikuwa mimi. Hilo sitalificha.

Baada ya wiki chache dada akakataa chakula. Macho yakawa ya manjano, tumbo likafura. Jirani akasema tumerogwa, na Susu akaanza kutafuta kuku wa kumpelekea mganga. Mimi nikambeba dada mgongoni mpaka barabarani, tukaenda hospitali Machakos.

Daktari hakuuliza adui zetu ni kina nani. Aliuliza, "Mnakula nini?"

"Muthokoi."

"Mahindi yake yana rangi gani?"

Nikamwambia kwa sauti ndogo. Akaweka kalamu chini. "Sikiza, msichana. Hiyo ni sumu. Ukiosha, haiishi. Ukitwanga, haiishi. Hata uchemshe siku nzima, haiishi."

Kwenye kitanda kilichofuata alilala mzee mwenye macho kama ya dada. Asubuhi nikakuta godoro lake limekunjwa.

Shangazi yetu alipokuja, akabaki wodini na dada, mimi nikarudi nyumbani. Magunia matatu yalikuwa bado chumbani. Nikayaburuta nje, nikaanza kuchimba shimo.

"Wewe! Chakula hakitupwi!" Susu akalia. "Tutakula jembe?"

Jirani akaja mbio. "Kama nyinyi mmeshiba, nipe mimi. Nitalisha kuku."

"Sikupi, mama. Hata kuku wako siwapi. Mayai yao utakula wewe."

"Haya, njooni muone daktari wa darasa la nane!"

Watu wakacheka uani kwetu. Ndugu zangu, mimi shuleni nilishindwa hata kuitika jina langu likisomwa. Siku hiyo nilisema mpaka wakasikia walio barabarani: "Chekeni. Dada yangu hawezi kucheka." Nikamwaga yote, nikachanganya na majivu, nikafukia.

Susu hakuniongelesha siku nne. Siku ya tano nikamkuta anakanyaga udongo wa lile shimo, ushikane, kuku wasifukue.

Njaa ilituuma, siwadanganyi. Tulipanga foleni ya msaada, tukala mihogo ya kuomba. Lakini dada alitoka hospitalini kwa miguu yake, mwembamba kama ufito, akiuliza kama kuna chai.

Siku hizi tunaanika mahindi juu ya turubai. Nikitaka kujua kama yamekauka, natia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, natikisa. Chumvi ikishika chupa, yanarudi juani. Magunia ni ya katani, yamekaa juu ya mbao, mbali na ukuta. Na chumba chetu cha kulala ni cha kulala tu.

Namshukuru daktari yule, na shangazi aliyelala sakafuni wodini, na waliotupa mihogo bila maneno. Namshukuru Susu, maana kuacha ulichofundishwa na mama yako si rahisi.

Wakisema nilitupa baraka za Mungu, waseme. Na kama humu ndani kuna mtu ana gunia lenye ukungu na anaogopa kuchekwa, aniambie, hata kwa kunong'ona. Nitakuja tuchimbe pamoja, mchana, watu wakiona.