Kilemba cha Waranti

Pale Makambako njia zinapoachana, moja ikienda Mbeya na nyingine ikigeukia Njombe, mbele ya gereji ya Fidelis, pana ubao uliokaliwa na watu wengi kuliko kiti chochote cha serikali mkoa mzima. Zamani ulikuwa ubavu wa fuso. Fuso likafa, ubavu ukastaafu, ukalazwa juu ya mawe mawili, na mpaka leo mtu akinyanyuka utasoma maandishi mekundu: TUTAONANA MBELE. Upepo wa hapo hauna adabu. Unaingia ndani ya koti bila hodi na kutoka na joto la mwenye koti. Dawa yake ni kahawa ya tangawizi ya Esteria, ambayo iliwahi kumfanya dereva wa semi atubu hata dhambi alizokuwa hajazitenda. Siku zote vikombe hukaa juu ya kreti la soda. Siku hiyo vilikaa juu ya bampa la nyuma la pikapu, jipya, linang'aa kama sufuria ya harusi, na kwenye ncha yake umefungwa utepe mweupe. Nyuma ya ukuta wa mabati grinda ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

Hezekia alikuwa amekaa katikati ya ubao, na hasira zimemkalia pande zote mbili.

— Mipaini nimepanda Janeth akiwa tumboni mwa mama yake, — alisema. — Mtoto amekua, ameolewa, mipaini nimeuza. Nimenunua gari jipya. Jipya! Si la mnadani, si la kutoka kwa shemeji. Viti bado vina nailoni. Halafu binti wa dukani ananipigia simu, sauti tamu kama maandazi: "Baba, usingependa kuongeza waranti?" Ya nini? "Lisije likaharibika, baba." Lisije likaharibika! Mwenye duka mwenyewe anasema!

— Kwani halina waranti? — Esteria aliuliza, akimimina.

— Linayo. Ile ya kuja nayo, ya bure. Hii ni ya kununua. Inakaa inasubiri ile ya bure ife, ndipo iamke.

— Kama mke wa pili, — alisema Yoeli.

Yoeli wanamwita Katekista. Siku moja katekista wa kweli aliugua kichomi, Yoeli akasoma matangazo kanisani, na tangu hapo hajawahi kuongea bila kuinua kidole.

— Sikilizeni, — Hezekia aligonga goti. — Mimi nikimuuzia mtu gunia la viazi, nimwambie: bwana, viazi hivi hapa, ila ongeza pesa kidogo, ili vikioza nikubali kwamba vilikuwa vyangu. Si atanipiga?

— Atakupiga na gunia lenyewe.

— Sisi kila msimu mnunuzi anatushindilia lumbesa. Gunia limejaa, yeye anashona kilemba juu, anaondoka na kilemba bure. Leo zamu yangu ya kununua, nikadhani na mimi nitapata kilemba. Kumbe kilemba kipo, ila nakilipia mimi! Mkulima akiuza anapigwa, akinunua anapigwa!

Hapo ubao mzima uliguna, maana hakuna aliyekaa pale ambaye lumbesa haijawahi kumuuma.

Fidelis, mwenye gereji, alitoa spana mfuko wa nyuma ili apate kukaa vizuri. Wanamwita Kumi na Saba kwa ajili ya spana hiyo ya namba kumi na saba, ambayo haimtoki hata Jumapili. Padri keshazoea kuiona ikipiga magoti pamoja naye.

— Nikwambie siri ya mafundi, Mzee Hezekia. Magari ya siku hizi yana kompyuta. Ndani ya kompyuta mna saa. Saa inahesabu waranti. Siku waranti inakwisha, saa inaiambia giaboksi: haya, dada, sasa unaweza kufa.

— Acha kamba!

— Nimeifungua kwa mikono hii. Nimeiona saa. Ina hata mkono wa sekunde.

— Basi ukinunua nyongeza, giaboksi inaambiwa isubiri, — alisema Esteria. — Si ndiyo faida?

— Inasubiri ikiwa na kinyongo. Giaboksi yenye kinyongo, mama, utaipendea nini?

Elius, aliyekuwa ncha ya ubao, alivuta kofia yake ya sufu. Alifanya kazi relini miaka mingi na jina lake ni Behewa, kwa sababu hana injini yake mwenyewe: humfuata anayevuta, ila akishika kasi hasimamiki.

— Hiyo saa haiko peke yake, — alisema. — Iko na setilaiti. Wanakuona toka juu. Ukiwa Dar kwenye lami, wanaliacha gari lako litembee. Ukishika vumbi la kwenda Igwachanya tu, wanasema: aha, huyu mshamba hajalipa. Wanabonyeza. Tairi linapasuka.

— Tairi langu lilipasuka kwa msumari, — Fidelis alisema.

— Na msumari ulitoka wapi?

Hapo Kumi na Saba alipuliza kahawa.

Simu ya Hezekia ililia. Kwenye kioo palikuwa na jina la Mama Janeth. Aliiangalia mpaka ikachoka.

— Pokea basi, — alisema Esteria.

— Atasubiri. Tuko kwenye kikao.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Asubuhi alitoka nyumbani kwao, mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini, akimwambia mkewe anakwenda kuweka mafuta. Mafuta gani ya kuyafuata mpaka Makambako? Na jana yake walikuwa wamelala wamepeana migongo. Binti wa dukani alisema ofa ya kuongeza waranti mwisho ni leo, kabla hawajafunga duka. Emilia, mkewe, alisema tulipe. Hezekia alisema silipi. Emilia akasema basi nitamuuza Shukrani.

— Shukrani ni nani? — aliuliza Behewa, Hezekia alipofika hapo kusimulia.

— Ng'ombe wake. Wa maziwa. Alimlea toka ndama, akamnywesha kwa kidole. Nikamwambia: thubutu! Uuze ng'ombe anayekamuliwa kila siku, ununue ahadi isiyokamulika?

— Umesema neno! — Katekista aliinua kidole. — Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Maana yake gari lisilofunzwa na kiwanda litafunzwa na barabara ya Wanging'ombe.

— Hiyo methali ilikuwa ya watoto, Yoeli.

— Gari si mtoto? Limebatizwa! Paroko amelinyunyizia maji Jumapili, kwaya ikaimba, Mama Janeth akafunga utepe kwa mkono wake. Ile ndiyo waranti. Haina mwisho wala haina binti wa simu.

— Maji ya baraka yanatengeneza injekta? — Behewa, ambaye ni Mlutheri, aliuliza kwa utulivu wa kuchokoza.

— Nyie msionyunyizia ndiyo maana magari yenu yanasukumwa.

— Letu lilisukumwa mara moja!

— Mpaka kanisani!

Esteria alilishika birika kama mtu anayetaka kulirusha.

— Mna akili kweli? Mipaini mmepogolea na nani, Mzee Hezekia? Si na Emilia? Ng'ombe ni wake, gari ni lenu. Sasa mbona kikao cha gari kina wanaume wanne, na mwenzako amewakilishwa na utepe?

— Wewe Esteria hujui magari.

— Najua ahadi. Mtu akiniahidi kunitengenezea kitu, namwandikisha palepale, kabla hajabadili sura.

— Watakutengenezea nini wale! — Fidelis alifura. — Gari likifa watasema mafuta hayakuwa yetu. Ukibadilisha mafuta, watasema fundi hakuwa wetu. Fundi akiwa wao, watasema barabara haikuwa yetu. Nyie lipeni, mimi ndiye mtakayeniletea usiku likivutwa na trekta!

— Ndiyo maana nimelileta kwako mapema, — alisema Hezekia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulilainika kidogo. — Linaendeleaje huko ndani?

— Likitoka hapo, hata ukilipakia mlima Livingstone halilali. Springi za kiwandani nimezitupa. Zile ni za kubebea mikate. Nimekupigia pleti za fuso, na pale bampa lilipokuwa vijana wanachomelea bomba nene, la kiume.

Hezekia aliitikia kwa kichwa kama baba aliyeambiwa mwanawe amefaulu. Na msimcheke. Kwa watu wa viazi na mbao, gari jipya halibebi gunia la kwanza kabla halijaongezewa springi. Aliyenunua la kubebea maharusi alipita kwa Fidelis. Aliyenunua la kubebea mayai naye alipita. Hakuna aliyewahi kuona kwamba huko ni kulifungua gari. Kwao ni kama kumvisha mtoto sweta. Hezekia huyohuyo asiyekubali mtu atoboe nailoni ya kiti, aliyemfanya mkewe asafiri akinata jasho toka dukani mpaka Njombe, ndiye aliyewakabidhi gari wenye grinda akiwa ametulia kabisa.

Simu ililia tena. Akaizima.

— Nimeamua, — alisema, akasimama, na maandishi mekundu yakaonekana nusu. — Silipi! Waambieni hata hao wa setilaiti! Na binti yule akipiga tena, nitamwambia: mwanangu, kama hukiamini kitu chako, usiniuzie mimi!

— Huyo ndiye mwanaume! — alisema Behewa.

— Mume ni kichwa! — alisema Katekista. — Na penye kichwa hapaharibiki neno!

Ndipo haisi ya kutoka Njombe ikasimama ng'ambo, akashuka mwanamke amejifunga kitenge juu ya sweta, mkoba kwapani. Alivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, na semi moja ikampisha.

— Kamwene, — Emilia aliwasalimu.

— Kamwene, mama, — waliitikia, wote kwa sauti za watoto wa ekaristi.

— Baba Janeth, nimekupigia mpaka simu ikapata moto. Kwa nini hupokei?

— Nilikuwa…

— Basi, usinieleze. Nimekuja mwenyewe, maana wewe ukikasirika unakuwa kiziwi. — Alikuwa anahema, ila macho yalikuwa makavu na makali. — Shukrani nimemuuza. Alinigeukia pale getini akalia, nikaziba masikio. Nimelipa ile waranti. Umesikia? Nimelipa. Utanigombeza ukipenda, gombeza, lakini miti yangu ya ujana wangu wote imo ndani ya gari lile, na sitaki siku moja niambiwe limekufa, basi.

Hakuna aliyenyanyua kikombe.

— Kimebaki kitu kidogo tu. Mkaguzi wao anapita Njombe kesho asubuhi. Binti amesema hafanyi kitu, anatazama tu kama liko vilevile lilivyotoka dukani, ndipo waranti isimame. Ndicho nilichokuwa napiga simu kukwambia: mtu asiliguse. Haya, twende. Gari liko wapi?

Katekista aliinua kidole. Kidole kikabaki juu peke yake, kikashuka. Behewa alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba ameangusha tiketi. Kumi na Saba alirudisha spana mfukoni polepole, upande wa mbele, alikokuwa hajawahi kuiweka.

— Baba Janeth. Gari liko wapi?

Nyuma ya mabati grinda ililia, na cheche zikaruka juu ya ukuta.

Emilia aliinua macho kwenye cheche. Kisha akayashusha, taratibu, mpaka kwenye vikombe, na chini ya vikombe, na kwenye ncha ya kile kilichobeba vikombe. Alichuchumaa. Alikitoa kikombe kimoja kimoja akampa mwenyewe, kwa heshima zote, kama anayegawa chakula msibani. Halafu akafungua fundo la utepe. Alikuwa amelikaza Jumapili ile, likamsumbua vidole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaukunja, akautia mkobani, akaenda kusimama kwenye upande wa barabara wa kurudi Njombe, akiwapa mgongo.

Hezekia aligeuka akaukabili ubao.

— Semeni sasa! — alipiga kelele. — Mbona kimya? Fidelis! Yoeli! Si mlikuwa mnasema? Semeni!

Esteria alilipindua birika. Likatoka tone moja, na makapi ya tangawizi.

— Imekwisha, — alisema.