Mkutubi Aliyemsomea Mama Mkwe Hisabati za Fedha

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, mkutubi wetu, ambaye wengi tunamwita Bwana Rafu, atafunga maktaba ya kampuni na kustaafu rasmi.

Alikuja kwetu kutoka maktaba ya shule ya msingi. Sisi ni madalali wa ile mikataba ambayo thamani yake hufuata bei ya kitu kingine, iwe dhahabu, ngano au mafuta. Kazi yake ilikuwa kuchagua vitabu vya kuwafundisha waajiriwa wapya biashara hiyo na hisabati zake. Yeye mwenyewe, anavyokiri bila aibu, alikuwa akijumlisha kwa tahadhari.

Mwanzo ulimtoa jasho. Aliagiza kitabu kuhusu bei za siku zijazo, akaletewa cha mnajimu. Alipogundua, madalali walikuwa wameshakisoma chote, na kwa ushahidi wa mhasibu, matokeo yao wiki ile hayakuwa mabaya kuliko kawaida.

Tangu hapo aliapa kutonunua kitabu bila kukijaribu. Nyumbani kwake aliishi na mama mkwe, fundi cherehani aliyestaafu, ingawa cherehani yenyewe haikuwa imeambiwa. Kila jioni alimsomea sura ya kwanza. Mama akisinzia, kitabu kilirudi dukani. Akiuliza swali, kiliingia rafuni.

Cha kwanza kufaulu kilieleza jinsi mtu anavyoweza kulipia haki ya kununua kitu baadaye kwa bei ya leo. Mama akasimamisha cherehani.

"Yaani namlipa muuza vitambaa kidogo anishikie bei. Kitambaa kikipanda, nachukua kwa bei yetu ileile. Kikishuka, namwachia kitambaa chake, na kale kadogo ndiyo basi tena?"

"Hivyo hivyo, mama."

"Huyu kaandika kama mtu anayeongea na watu. Endelea."

Kisha yakatufika makubwa. Waajiriwa wapya walifeli mtihani wa leseni mara mbili mfululizo. Wakifeli tena, kitengo chao kingefungwa, na maktaba pamoja nacho. Mkurugenzi alileta suluhisho lake: kitabu kinene cha mhadhiri wake wa zamani, kilichojaa alama za hisabati hadi kwenye shukrani. Akaamuru zinunuliwe nakala za kila mtu. Bwana Rafu, ambaye hatukuwahi kumsikia akipandisha sauti, alisema hapana, hakijajaribiwa. Ofisi nzima ilijifanya inatafuta kalamu.

Mkurugenzi alikasirika, akasema atakwenda kumsomea mama huyo yeye mwenyewe. Jioni hiyo alikaa sebuleni kwa Bwana Rafu, akafungua sura ya kwanza, akasoma kwa sauti ya mtu anayehutubia. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu zote, macho wazi. Ukurasa wa nne, sauti ya mkurugenzi ilianza kujiburura. Wa tano, alikuwa anakoroma. Mama alimtoa kikombe mkononi, akamfunika shuka, akamnong'oneza mkwewe: "Huyu mgeni wako anafanya kazi sana, maskini."

Asubuhi, mkurugenzi alitia saini ununuzi wa vitabu alivyochagua Bwana Rafu, bila kuinua uso. Mtihani ulipofika, walifaulu wote isipokuwa mmoja, aliyekuwa amejisomea kile kinene kwa siri ili ajipendekeze. Siku hizi yuko idara ya usafiri, na ana furaha.

Tulipomuuliza Bwana Rafu anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba kitabu kizuri cha kilimo cha mboga, basi. Tukaunda kamati. Kamati ikakutana mara nne, ikagombana kuhusu nyanya, na wajumbe wawili hadi leo hawasalimiani. Hapo ndipo tulipoelewa mzigo aliokuwa akitubebea peke yake, tena akitabasamu.

Tumemnunulia jembe.

Asante, Bwana Rafu, kwa kila ukurasa uliotuepusha nao. Tunakuombea afya, mvua za kutosha, na mapumziko matamu wewe na nyumba yako yote.