Trei Mbili za Tope

Usinikunjie uso. Hukuwepo, halafu unanibishia mimi niliyeona! Kaa usikilize.

Benchi liko mbele ya chumba changu cha kahawa, kando ya mfereji unaotoka kinamasini. Asubuhi ile walikuwepo walewale: Fundi, mwenye gereji ya pikipiki hapo juu kidogo, na Kinyozi, ambaye hakuna asilolijua. Akaja binti wa mdogo wangu, anayesomea viumbe wa majini, miguu tope mpaka magotini. Akaweka trei mbili nyeupe benchini. Moja ya kinamasini. Nyingine ya hapa chini, ninapochota maji ya kahawa. Kote alikuwa amevuruga tope dakika tatu akitazama saa, wavu ukidaka kinachotoka.

— Umesoma miaka yote hiyo uje kuvua tope? Fundi akauliza.

— Tazama kwanza.

Tukainamia trei ya kinamasini. Kibomba cha mchanga, kifupi kuliko kucha yangu, kilikuwa kinatembea. Chembe juu ya chembe, na kipande cha chupa ya bluu kimepachikwa mlangoni. Kikatoa kichwa.

— Hirizi! Fundi akaruka.

— Hirizi ina miguu sita? Kinyozi akamjibu. Hiyo mashine. Imetumwa kutupeleleza.

— Wakupeleleze wewe wapate nini, nywele? nikamwuliza.

— Cheka tu, bibi. Vichwa vyote vya mtaa huu navijua kwa ndani.

— Ni buu, binti akasema. Nyumba kaijenga mwenyewe, kwa uzi wa mdomoni.

— Bila kipimo?

— Bila kipimo.

Fundi akavua kofia. Pembeni kulikuwa na mdudu mwingine, kama punje ya mchele yenye mikia mitatu, ubavuni vijani vinapepea, ndivyo anavyopumulia. Kinyozi akahesabu aina kumi na nne, akanyamaza. Kinyozi, nakwambia! Miaka arobaini nimechota maji hayo, kumbe nilikuwa napita juu ya mji.

— Hawa maji machafu hawayawezi. Sasa oneni ya hapa chini.

Vijinyoo vyekundu tu, vinajikunja. Hakuna nyumba hata moja.

— Hawa huvumilia hata hewa ikikaribia kuisha majini.

— Kuna joka limewala wale wengine, Kinyozi akasema, lakini kwa sauti ndogo.

— Mama mkubwa, kutoka kule mpaka hapa ni hatua sitini. Katikati kuna nini?

Aliuliza ili aandike, kalamu iko juu ya daftari. Fundi akaficha mikono yake myeusi mifukoni. Kinyozi akatazama kikombe chake, kimebaki nusu.

— Oili chafu unamwaga wapi? nikamwuliza Fundi.

— Kidogo tu, bibi...

— Kidogo tangu lini?

Nikamwaga birika zima chini. Nikaingia chumbani, nikatoka na ndoo mbili kubwa.

— Maji ni ya kinamasini kuanzia leo, nikamwambia Fundi. Na mbebaji ni wewe.

Nikamtupia zote mbili, nikafunga mlango.