Koki na Maji ya Nyumba ya Pili

Shauri la Maji Kuzidi Moto Katika Bafu la Mlalamikaji, Nyumba ya Pili Kutoka Kona: hilo ndilo jalada pekee lililo na jina la marehemu katika ofisi ya mtaa, na kwa kuwa kamati ya mazishi iliagiza historia hii ianze na nyaraka rasmi, nimeanza nalo, ingawa ndani yake marehemu si mlalamikaji wala mlalamikiwa bali ni mtaalamu aliyeitwa kukagua, jambo ambalo sisi wanafamilia hatukuwa tumelielewa hadi juzi, na hata sasa ninaposoma wapo waliokaa hapa ambao bado wanaulizana kwa macho.

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Koki na mimi nilimwita shemeji kwa kuwa alimuoa dada yangu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, akiwa wa pili na wa mwisho kati ya watoto wawili wa kiume, wa kwanza akiwa huyu tunayemwita Mkubwa, ambaye hadi leo anaishi nyumba ya pili kutoka kona, ukuta mmoja na marehemu. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968, akajiunga na chuo cha ufundi, ambako mwalimu wake wa mabomba aliandika kwamba kijana ana mkono mzuri na mdomo mbaya, tathmini ambayo hakuna mamlaka yoyote iliyowahi kuitengua.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika idara ya majengo ya hospitali, ambako alifunga mabomba ya boila ya chumba cha kufulia, na waliofanya naye kazi wanakumbuka kwamba alizungushia katani kila uzi wa kukazia bomba, lisivuje, kama anayefunga kidonda, kwamba bomba la kutolea mvuke kwenye valvu ya usalama alilielekeza chini daima, akisema mvuke hauna adabu, utamtokea mtu usoni bila salamu, na kwamba boila ilipowashwa kwa mara ya kwanza alipita kiungo kwa kiungo akikigusa kwa kiganja, kama daktari anayezungukia wodi. Hapo ndipo alipomkuta dada yangu, mfuaji wa mashuka, ambaye anasema koki yao moja ilivuja muda mrefu kuliko ilivyostahili na fundi alionekana hana haraka nayo, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1990 ndugu hawa wawili walijenga nyumba zao zikiegemeana, marehemu akafunga boila yake kwenye kibanda cha nyuma, Mkubwa akanunua hita ya umeme dukani, akisema yeye ni mtu wa kisasa. Mwaka 1998 wakagombana kwa sababu ya ngazi ya marehemu baba yao, ambayo kila mmoja alidai mwenzake anayo na hadi leo haijaonekana, wakaacha kusemezana, ikawa hata anayetaka kumwambia mwenzake kwamba mbwa ameingia uani anapitia kwa wake zao.

Mwaka 2011 Mkubwa alishikwa na baridi yabisi, daktari akamwagiza aoge maji ya moto kila asubuhi, na hita yake ya kisasa ilikuwa imeshakufa. Mwezi huohuo marehemu alionekana akitoboa ukuta wa kibanda na kulivisha bomba blanketi, dada yangu akamuuliza kulikoni, akajibiwa, “Nazuia upotevu wa joto, mama, rudi ndani,” akarudi ndani. Baada ya hapo Mkubwa akapeleka lile lalamiko ofisini, na afisa wa mtaa, aliyetafuta kwa bidii sheria iliyovunjwa na maji ya moto asiipate, aliamua kumwita fundi pekee aliyesajiliwa mtaani, yaani marehemu, ambaye aliingia bafuni kwa kaka yake bila kumsalimu mtu, akafungua koki, akakinga kiganja, akaandika kwamba chanzo cha joto hakijulikani, akasaini. Kesho yake maji yakawa na joto la kiasi, na afisa akaandika kwamba tatizo limejitatua lenyewe.

Kuanzia mwezi wa Juni mwaka jana marehemu alisumbuliwa na moyo, akakatazwa kuinama na kubeba kuni, lakini kila asubuhi aliiwasha boila kwa mkono wake, na mabinti walipotaka kumsaidia aliwafukuza, akisema, “Nendeni huko, mtanichanganyia valvu.” Jumanne iliyopita, alfajiri, alifariki akiwa kitandani kwake.

Asubuhi hiyo tulikaa sebuleni tukibishana nani akamwambie Mkubwa, na kama aambiwe kabisa, kwa maana binti mkubwa alisema, “Asiitwe. Miaka yote hii alikuwa ukuta wa pili, leo ndiyo aje kukaa mbele?” Kabla hatujakubaliana mlango ukafunguliwa, akaingia Mkubwa mwenyewe, taulo begani, povu la sabuni nyuma ya sikio, akauliza, “Amekufa saa ngapi?” Tukatazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake, hadi dada yangu alipomuuliza, “Nani kakwambia, shemeji?” Akajibu, “Maji. Yamekuja ya baridi. Huyu mtu hajawahi kunipa maji ya baridi.”

Hapo tulichanganyikiwa kabisa, tukaenda wote kibandani, tukaona kiungo chenye njia tatu ambacho mguu wake wa tatu uliingia ukutani ukiwa umevaa blanketi, na binti mkubwa akamuuliza baba yake mkubwa, kama alijua, kwa nini alishtaki. Mkubwa akasema, “Sasa ningemwambiaje kwamba yananiunguza, mwanangu? Tulikuwa hatusemezani.” Leo binti huyo ndiye aliyempangia kiti, na mnamuona alipoketi, mstari wa mbele, karibu na jeneza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuazima viti na turubai, wafanyakazi wenzake wa zamani, na hospitali kwa lile blanketi, ambalo tumekuta lina mhuri wake na hatujui lilitokaje huko. Lala salama, Koki, asubuhi hii binti yako ameiwasha boila na valvu hakuzichanganya. Kuhusu lile jalada, ofisi ya mtaa iandike hivi: Mkubwa aliugua, na mdogo wake akawa anamchemshia maji ya kuoga.