Namba Iliyochomwa Ndani ya Mashine

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Haki za Watumiaji, mwenyekiti wetu, wateja, majirani, na ninyi mliofuata soda: salamu kwa wote.

KARIBU

Karibu katika jengo letu. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye miguu minne iliyo sawa. Tumekigombania tangu asubuhi, tukakuachia. Utusamehe joto. Feni iko kwa fundi, na fundi ni sisi.

TULIKOTOKA

Tulianza na meza moja chini ya ngazi. Leo tumejaza ghorofa mbili. Kazi yetu ni kufufua: kompyuta iliyokufa tunaichambua, na kilicho kizima ndani yake tunakihamishia kwa mgonjwa mwingine. Hapa hakitupwi kitu.

KINACHOTUCHOSHA

Hapa tulipanga kusoma mafanikio, lakini dada mshonaji, huyo wa mbele mwenye kilemba cha kijani, ametuonya: "Mkianza kujisifu, naondoka." Basi tuseme shida yetu.

Ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kiwanda huchoma namba. Haifutiki, inauzwa ikiwa imewashwa, na mnunuzi haambiwi. Akiingia mtandaoni, namba inamtangulia kama shangazi mmbea: huyu ni fulani, jana kaulizia dawa ya bawasiri, juzi kachungulia viatu. Nani kamtuma? Hakuna.

Dada alituletea kompyuta imezimika. Tukaipa ubongo wa mashine iliyokufa, ikawaka, akatupigia vigelegele. Kumbe mwenye mashine ile iliyokufa alikuwa tapeli. Soko la mtandaoni anakouzia magauni likasoma namba, likafunga duka lake, likawaandikia wateja wake wajihadhari naye. Mama mkwe wake akamuuliza kwa sauti ya asali, "Mwanangu, kumbe una kazi nyingine hutuambii?"

Tukambadilishia ubongo. Haikusaidia, jina lake lilikwisha kubandikwa kwenye namba ya tapeli.

Tukapiga simu sokoni. Tukajibiwa, "Mashine haidanganyi." Mwenzetu Bisibisi akasema, "Haidanganyi, ndugu yangu, lakini hii tuliipa ubongo wa marehemu." Simu ikakatwa. Ofisi yako ya haki za watumiaji nayo, mgeni rasmi, ilitujibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Limefanyiwa kazi mpaka limechoka, na dada sasa anashona viraka vya mifuko.

MAOMBI

Duka la dada lifunguliwe, na wateja wake waandikiwe kuwa si tapeli, kwa herufi kubwa zilezile walizoonywa nazo.

Viwanda vilazimishwe kumwambia mnunuzi kwamba namba ipo, na mashine iuzwe namba ikiwa imezimwa. Atakayeitaka ataiwasha mwenyewe.

Habari ya choo cha ghorofa ya pili tutaizungumza kwenye soda.

Mgeni rasmi, limebaki moja, na tumebishana sana kama tulisome. Kompyuta ya mezani kwako ilitengenezwa hapa mwaka jana. Nayo ilipewa ubongo uliotoka kwenye mashine ya mtu. Mtu huyo tunamjua, na ukimjua hutalala. Hatutamtaja, kwa sababu siri ya mteja kwetu haitoki. Namba yake, lakini, haina adabu hiyo, na kila asubuhi unapoiwasha mashine, inakutambulisha mtandaoni kwa jina lake.

Mungu akujalie afya, umri mrefu na haraka ya kujibu barua.

Ni sisi wako,
Umoja wa Mafundi na Wafufuaji wa Kompyuta, pamoja na dada mshonaji.